Saa ya kuzamia ya bei mbaya kwenye maji ya Ziwa Victoria: kuichagua, kuivaa na kuizuia isinywe maji

Ziwa Victoria, pale lilipo na kina kuliko pote, lina mita 80 na kitu. Saa nyingi za kuzamia za daraja la juu zimeandikwa mita 200, 300, hata 600. Ukiifunga saa ya namna hiyo kwenye jiwe ukaiachia katikati ya ziwa, itatua chini ikiwa nzima na kuendelea kutembea mpaka springi yake iishe nguvu. Kwa hiyo anayeuliza "hii inaenda mita ngapi?" akiwa Capri Point, ufukweni Mwanza, anauliza jambo ambalo ziwa limeshalijibu. Maswali yenye faida ni mawili: kifundo chake kimefungwa? Na oringi zake zina miaka mingapi? Saa za gharama hufa kwenye beseni la kufulia, kwenye bwawa la hoteli, kwenye boti ya kuvukia, katika maji yasiyofika kiunoni.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila fundi ana yake. Kifundo ni kile kidude cha pembeni unachokivuta kuweka majira. Pete ni duara la juu linalozungushwa kwa vidole, lenye namba za dakika. Oringi ni mpira wa duara unaozuia maji, na kwa kawaida ipo kwenye mfuniko wa nyuma, kwenye kifundo na kuzunguka kioo. Kijibomba ni kile kichuma chembamba chenye nyuzi za skrubu ambacho kifundo hufungwa juu yake. Mashine ni vyote vinavyotembea ndani. Mishale ni ile ambayo vitabu huiita akrabu.

Namba zilizoandikwa usoni

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa bar 1 hivi. Chini kabisa ya ziwa letu saa hubanwa kwa bar 8 na kidogo. Saa ya mita 300 imetengenezwa kuhimili bar 30.

Kuna maneno yanayozunguka kwamba ukirusha mkono majini presha inapanda mara kumi, ndiyo maana saa ya mita 30 huingiza maji mtu akiogelea. Hesabu haikubali. Mkono unaokwenda mita 10 kwa sekunde, mwendo ambao muogeleaji hafiki, huongeza nusu bar tu, sawa na kushuka mita 5. Saa ya mita 30 huingiza maji kwa sababu nyingine: kifundo chake ni cha kusukuma tu, hakina skrubu, oringi zake ni nyembamba, na huenda kiwandani walipima chache kati ya nyingi, yako ikapita bila kuguswa.

Saa ya kuzamia ya kweli hufuata kiwango kinachoitwa ISO 6425. Hapo kila saa hupimwa peke yake, kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25, kwa hiyo ya mita 300 imebanwa kama iko mita 375. Ni lazima ihimili angalau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na iwe na kitu kinachoonyesha gizani kwamba inatembea. Ndiyo maana mshale wa sekunde una kitone kinachong'aa. Hulazwa pia kwenye maji ya chumvi saa 24. Iliyofuzu huruhusiwa kuandikwa DIVER'S pamoja na idadi ya mita. Wapo watengenezaji wakubwa wasioliandika neno hilo lakini hupima kila saa wenyewe, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si dalili ya saa bandia.

Ipi inafaa ziwani

Mwaka 1953 ndiko tunakoanzia. Blancpain ya Uswisi ilitoa Fifty Fathoms, yaani pima 50, pima ileile ambayo mvuvi hunyoosha mikono kupimia kamba. Ni kama mita 91. Mwaka huohuo Rolex ikawa na Submariner yake, na mwaka 1957 Omega ikaleta Seamaster 300. Tarehe 23 Januari 1960 chombo Trieste kilishuka karibu mita 11,000 katika Bahari ya Pasifiki, kikiwa na saa ya Rolex iliyofungwa nje, na saa ikarudi inatembea. Simulizi hizi huuza saa vizuri sana, lakini hakuna hata moja inayokuhusu ukiwa Ghuba ya Mwanza.

Kinachokuhusu ni kuona. Maji ya ghuba ni ya kijani, yana mwani na tope, na mita chache tu chini mwanga unafifia. Chagua uso usio na mapambo, mshale wa dakika mnene usiofanana hata kidogo na wa saa, na rangi nyingi ya kung'aa gizani. Kati ya inayong'aa kijani na inayong'aa buluu, chukua ya kijani: maji yenye mwani humeza mwanga wa buluu mapema. Rangi hiyo haina betri, hunyonya mwanga. Saa ikitoka chini ya mkono wa shati au ndani ya begi moja kwa moja kwenda majini, itakuwa hafifu. Imulike kwa tochi dakika moja kabla ya kushuka.

Valvu ya heliamu, kile kitufe cha ziada au kitundu cha ubavuni kinachopandisha bei, hakina kazi huku. Kiliwekwa kwa ajili ya wazamiaji wanaokaa siku kadhaa ndani ya chumba chenye hewa ya heliamu. Gesi hiyo ni nyepesi mno, hupenya oringi na kujaa ndani ya saa. Presha ya chumba ikishushwa inataka kutoka kwa nguvu, na inaweza kuruka na kioo. Mzamiaji wa mtungi wa hewa ya kawaida hakutani na hali hiyo hata kwa bahati mbaya. Kama saa yako inayo, na ni ile inayofunguliwa kwa mkono kwenye namba 10, hakikisha imekazwa, kisha isahau.

Chuma: maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo chuma cha pua cha daraja la 316L kinatosha na kubaki. Titani ni nyepesi, inafaa mtu asiyependa uzito mkononi. Shaba nyeusi itageuka kijani kwa makusudi ya walioiunda. Kama hupendi kuisugua, usiinunue. Mkanda wa ngozi utaoza na kunuka ndani ya majuma machache. Vaa cheni ya chuma, mpira, au mkanda mrefu wa nailoni unaopita chini ya saa kwa kipande kimoja. Huo wa nailoni una faida kubwa kuliko sura yake: pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwenye pini ya pili. Kwa cheni au mpira wa vipande viwili, pini moja ikikatika mali ya mamilioni inakwenda kukaa na sangara, na kwenye tope hilo hakuna atakayeiona tena.

Ukinunua iliyotumika

Wengi hawanunui dukani mpya. Kabla ya kutoa fedha, kaa na saa nusu saa mezani, penye mwanga, ukiwa na lenzi ya kukuza na tochi ya simu.

Anza na pete. Inapaswa kuzunguka kinyume na mwendo wa mishale tu. Ikikubali pande zote mbili, huenda imeharibika, au si saa ya kuzamia ya kisasa. Hesabu milio yake kwa mzunguko mmoja: nyingi za daraja hili zina milio 120, nusu dakika kila mmoja, na chache zina 60. Ukipata hesabu isiyolingana na ya mtengenezaji, pete au saa nzima ina walakini. Pembetatu ya pete ikitua nusu kati ya alama mbili kila unapoirudisha juu, springi yake imechoka.

Mshale wa sekunde uusikilize na uutazame. Mashine nyingi za sasa hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde, kwa hiyo mshale huteleza. Ukiruka mara moja kila sekunde, ndani kuna betri. Kuteleza pekee hakuthibitishi uhalisi, maana bandia nzuri nazo zinateleza. Programu za simu za kupima mapigo zipo: weka saa juu ya maikrofoni penye utulivu, dakika mbili kila upande, uso juu, uso chini, kifundo chini. Saa yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, ilitoka kiwandani ikipishana kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku. Iliyotumika ikipishana sekunde 10 usishtuke. Ikiwahi dakika nzima au zaidi, huenda imeshika usumaku, jambo linalotibika kwa bei ndogo. Ikichelewa sana na namba kubadilika kila ukiigeuza, mashine imekauka oili.

Fungua kifundo, ukifunge tena, mara tatu. Sehemu hii huficha gharama kuliko zote, na ndiyo wanunuzi wengi huiruka kwa haraka ya kutazama kioo.

Namba ya utambulisho kwenye bodi, yaani gamba la nje la saa, ilingane na ya karatasi, na fonti isiwe imechimbwa kwa mkono. Ukimwomba fundi afungue mfuniko ili uone mashine, kumbuka kwamba kila kufunguliwa kunafuta kipimo cha maji kilichokuwepo. Ikishafunguliwa, si saa ya majini tena mpaka ipimwe upya. Muuzaji akikuambia "ilipimwa juzi", mwombe karatasi yenye tarehe na bar.

Kipimo cha ukungu, nyumbani

Hiki hakihitaji mashine, na ni ndugu wa kipimo kinachotumika viwandani. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, nyuzi 40 hadi 45. Ilaze mezani, weka saa juu yake ikiwa imegusa mfuniko wa nyuma, kioo juu. Acha dakika 15 bodi yote ipate joto. Kisha dondosha tone moja la maji ya kawaida ya bomba katikati ya kioo, subiri dakika moja, lifute kwa kitambaa kikavu. Angalia pale tone lilipokuwa, ukimulika kwa pembeni. Kioo kikiwa safi, hewa ya ndani ni kavu vya kutosha. Kikibaki na duara la ukungu kwa ndani, maji yameshaingia.

Usitumie barafu. Wapo wanaoweka kipande cha barafu, kisha wanaona ukungu na kuingiwa hofu bure. Saa iliyofungiwa katika hewa ya Mwanza ina unyevu wa Mwanza ndani yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 19 hivi, na barafu iko sifuri. Lazima ioneshe kitu hata kama saa ni nzima. Kwa sababu hiyohiyo mwombe fundi afunge mfuniko akiwa chumba chenye kiyoyozi kilichowaka muda mrefu, asiufunge barazani mvua ya asubuhi ikiwa ndiyo kwanza imekatika.

Kifundo: kufungua na kufunga

Kausha mikono. Ondoa saa mkononi. Ukikivuta kifundo saa ikiwa imevaliwa unakivuta kwa pembe, na kimti chembamba kilicho ndani hupinda.

Zungusha kuelekea kwako, kinyume na mwendo wa mishale, mpaka kiachie na kusogea nje kidogo kwa springi. Hapo unaweza kutia ufunguo: mizunguko 20 hadi 40 inatosha kuamsha saa iliyolala. Saa inayojijaza yenyewe haina mwisho wa kugonga, springi yake huteleza ikijaa, kwa hiyo usisubiri ikaze.

Kuweka tarehe kuna mtego wake kwetu. Vitabu husema usibadili tarehe kwa haraka kati ya 21:00 na 03:00, kwa sababu meno ya tarehe yameshaanza kushikana. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tatu usiku hadi saa tisa usiku. Mtu akisoma 9 na 3 kichwani akayachanganya na saa zetu, anafanya kosa saa ileile aliyokatazwa. Tazama mshale, acha mdomo: mshale mfupi ukiwa nusu ya juu ya uso, kati ya 9 na 3, usiguse tarehe. Na saa iliyosimama haikuambii kama ni usiku au mchana. Peleka mishale mbele mpaka tarehe iruke, hapo ujue ni saa sita ya usiku imepita. Endelea mpaka mshale mfupi ufike chini kwenye 6, alfajiri saa kumi na mbili. Ndipo uweke tarehe ya jana kwa haraka, kisha upeleke mishale mbele hadi majira ya sasa, tarehe iruke yenyewe kuwa ya leo. Baadhi ya mashine mpya hazidhuriki, ila utaratibu huu hauziumizi.

Sasa kufunga. Pitisha mswaki laini mkavu kwenye nyuzi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuzichana. Sukuma kifundo taratibu, kikiwa kimenyooka. Usianze kukaza. Kizungushe kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka usikie kinadondoka kidogo, "tk". Hapo ndipo mwanzo wa uzi wa kifundo na mwanzo wa uzi wa kijibomba vimekutana. Baada ya hapo zungusha mbele. Kinapaswa kuingia kama kifuniko kipya cha chupa. Kikileta ugumu katika robo ya kwanza ya mzunguko, kimepanda uzi kombo: rudi, anza upya. Hesabu mizunguko ya saa yako mara moja ukiwa nyumbani, uikariri. Siku ukipata mizunguko pungufu, kuna kitu katikati.

Kikifika mwisho, simama. Nguvu ya vidole viwili inatosha. Koleo ni la mabomba. Kukaza kupita kiasi hakuongezi kuzuia maji, kunaponda oringi na kula nyuzi. Nyuzi zikishalika, dawa ni kubadilisha kijibomba, mara nyingi pamoja na kifundo. Mwisho tazama kwa ubavu: kati ya kifundo na bodi kusiwe na mwanya wa kuingia kucha.

Ndani ya maji kifundo hakiguswi. Hata kama umeona majira yamekosea.

Kutumia pete ukiwa chini

Chukua mzamiaji anayekagua nyavu za vizimba vya sato mita 6 chini. Kina si tatizo kwake. Hewa ya mtungi ndiyo yenye mwisho, na kazi ya kuziba nyavu hupoteza fahamu ya muda. Kabla kichwa hakijazama, anazungusha pete mpaka pembetatu ielekeane na mshale wa dakika. Basi. Baadaye mshale wa dakika ukifika 35 kwenye pete, amekaa dakika 35, bila kufanya hesabu yoyote. Kamba ya kizimba ikiigonga pete, itazunguka upande mmoja tu, ule unaoongeza dakika. Atatoka mapema kuliko alivyopaswa, hatachelewa. Ndiyo sababu pete huzunguka upande mmoja.

Mwenye kompyuta ya kuzamia asiiache nyumbani kwa sababu amevaa saa nzuri. Saa ni ya akiba. Na kuna jambo la ziwa hili lisilo la baharini: uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa usawa wa bahari, na yakivuka mita 300 za mwinuko yanahitaji marekebisho. Mita 18 za hapa zihesabu kama mita 20 hivi za baharini. Dakika za pete ni zilezile. Kinachopungua ni dakika unazoruhusiwa. Weka kompyuta kwenye hali ya mwinuko na maji yasiyo na chumvi.

Na kuhusu kusubiri majini penye matete kwenye kingo: saa haiugui kichocho, wewe unaugua.

Ukitoka majini

Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini yana mwani, tope, na ukiwa karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, utelezi na mafuta ya samaki. Vitu hivyo hukaa chini ya pete na kwenye kifungio cha cheni, vinakauka na kuwa kama saruji. Hakikisha kifundo kimefungwa, kisha iweke saa kwenye bakuli la maji safi ya kawaida dakika tano. Zungusha pete mzunguko mzima mara tatu ikiwa ndani ya maji ili mchanga utoke. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, mswaki laini, suuza sana. Pete ikiwa ngumu usiitie oili: oili itashika mchanga na kutengeneza msasa.

Usiioshe kwa maji ya moto wala kuingia nayo kwenye mvuke. Wala usiianike. Chuma kilichosahaulika juani kwenye boti hufika nyuzi 60 bila taabu. Kiingize ghafla kwenye maji ya nyuzi 25 na hewa ya ndani inanywea kwa karibu moja ya kumi: saa inavuta kwa nguvu sawa na mita moja ya maji. Oringi nzima haitaona tofauti. Iliyokauka na kupasuka itakaribisha maji ndani yenyewe. Ukungu mwembamba unaotokea wakati huo na kupotea ndani ya dakika moja au mbili unaweza kuwa ni unyevu wa kawaida uliofungiwa humo; uchunguze kwa kipimo cha tone. Ukungu unaorudi kila siku, au matone yanayotembea, ni maji.

Maji yakiingia

Hesabu sasa ni ya saa, si ya wiki. Ekseli za ndani ni za chuma kinachoshika kutu haraka, na kutu ikianza inaingia kwenye oili na kusaga kila kitu.

Vuta kifundo mpaka mshale wa sekunde usimame, ili mashine isizunguke na maji. Usiitikise. Usipulizie kikaushio cha nywele: kinageuza maji kuwa mvuke unaoingia kila pembe, na kusambaza oili mahali isipotakiwa. Mchele nao, pamoja na sifa zake, unaacha vumbi la wanga. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia kidogo: kusanya kumi hivi, weka na saa kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, kifundo kikiwa kimevutwa. Haiponi kwa hilo. Ni nafasi ya kumfikia fundi tu.

Kama fundi mwenye vifaa kamili yuko Dar es Salaam na wewe uko Igoma, Mwanza, usisubiri basi la kesho saa ikiwa imefungwa. Mpelekee fundi wa saa wa karibu mwenye ufunguo unaoingia sawasawa kwenye mfuniko, na umwambie kazi moja tu: "Fundi, naomba unifungulie mfuniko, ikauke, basi. Usiguse mashine, usitie oili." Mkwaruzo kwenye mfuniko unavumilika kuliko mashine yenye kutu. Ikiwa imeingia maji ya bahari, ni dharura maradufu, kwa sababu chumvi hubaki ndani hata maji yakikauka.

Oringi na fundi

Mpira huzeeka hata saa ikiwa kabatini. Joto, jasho, mafuta ya kujipaka na dawa ya mbu vyote huuharakisha. Anayeingia majini kweli apime saa kila mwaka. Mashine yenyewe ihudumiwe kila miaka mitano hadi kumi, kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji.

Mambo ya kumuuliza fundi kabla hujamwachia: Utabadilisha oringi ya mfuniko tu, au na za kifundo? Za kifundo ndizo zinazosuguliwa kila siku na ndizo husahauliwa. Unapaka nini? Jibu zuri ni grisi ya silikoni, filamu nyembamba ya kuufanya mpira ung'ae. Ikionekana kama siagi ni nyingi. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini hayafai, yanavimbisha baadhi ya mipira. Na asikubandikie chochote kwa supagluu: moshi wake huganda mweupe kwenye kioo na uso kwa ndani, na hautoki kwa kufuta.

Kipimo kianze na kikavu. Mashine hiyo huweka saa kwenye hewa yenye presha au iliyovutwa, kisha husoma kama bodi inatanuka au kunywea kwa sehemu za maelfu ya milimita. Inayovuja hujulikana bila tone la maji kuingia. Kipimo cha majini kifuate tu baada ya hapo. Fundi anayetaka kuanza kwa kuitumbukiza kwenye maji yenye presha anajaribu kwa mali yako.

Usumaku nao umalizie hapa, maana huchanganywa na ubovu. Spika, kifungio cha begi, kava ya simu yenye sumaku: saa ikilala juu yake usiku mmoja inaweza kuamka inawahi dakika. Ipitishe karibu na dira. Sindano ikicheza, ndiyo hiyo. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa usumaku huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache bila kufungua mfuniko, kwa hiyo asikulipishe kama aliyefanya sevisi.